Lakwet wa Njoro: Maisha ya Beryl Markham

Mlezi wa chama chetu alipotuambia kila mmoja aandike juu ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki zamani, wenzangu walikimbilia Koitalel arap Samoei, Mekatilili wa Menza na Shaaban Robert. Mimi nimemchagua mwanamke Mzungu. Najua kuna watakaonicheka. Lakini subiri kwanza usikie huyu Mzungu alikuwa wa namna gani, maana alizungumza lugha ya nyumbani kwetu kabla hajajua kuandika Kiingereza sawasawa.

Nianze hapa hapa kwetu. Sisi wanafunzi wa kutwa tunapokuja shule asubuhi tunapita katikati ya chai, kulia chai, kushoto chai, mpaka unaona macho yamekuwa ya kijani. Kogo wangu, yaani nyanya, huniambia kwamba zamani vilima hivi vilikuwa malisho ya Wakipsigis. Wengi wetu tunadhani Wazungu walikuja na miche ya chai mkononi. Kumbe sivyo. Baada ya Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, serikali ya kikoloni ilichukua kama ekari 25,000 hapa Kericho ikawapa maofisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani. Wengine walikuwa na mguu mmoja, wengine mkono mmoja. Wakapanda kitani, mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo. Bei ya kitani ikaanguka, wakafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Ardhi haikurudi kwa wenyewe.

Basi nikawa najiuliza: wanajeshi wale waliokuja na familia zao, watoto wao walionaje? Mtoto mdogo anatolewa Ulaya, anawekwa porini, hajui lugha, hajui mtu. Nilipotafuta habari hizo ndipo nikakutana na Beryl. Yeye na jamaa zake walifika kabla ya wale wa kitani, na hawakukaa Kericho bali Njoro. Njoro si mbali. Ukipanda matatu ya Kericho kwenda Nakuru unapita Mau Summit, unateremka, na kabla ya kuingia Nakuru kuna barabara inayokata kwenda Njoro. Wakati ule Wakipsigis wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya huko, na hao ndio waliomlea.

Beryl Clutterbuck alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa ofisa wa jeshi kabla ya kuacha kazi hiyo na kushika kazi ya farasi. Hata baada ya kuacha jeshi, watu waliendelea kumwita Kapteni. Mama yake aliitwa Clara, na kulikuwa na kaka, Richard, aliyemtangulia kwa miaka miwili hivi.

Mwaka wa 1904 Kapteni alitangulia peke yake kuja Afrika Mashariki. Kwanza alifanya kazi kwa Lord Delamere, yule mlowezi mkubwa wa Njoro, kisha akapata shamba lake mwenyewe. Mke na watoto wakamfuata baadaye. Hebu fikiria mama huyo. Ametoka kwenye nyumba ya mawe, ameteremka kwenye gari la moshi na watoto wawili wadogo, anaonyeshwa kibanda cha udongo na kuambiwa hapa ndipo nyumbani. Njoro kuna baridi, sisi wa huku juu tunaijua baridi hiyo. Hakuna daktari wa karibu, hakuna jirani wa kupiga naye soga. Mume yuko na farasi na ng'ombe tangu alfajiri.

Clara hakuvumilia. Mnamo 1906 alipanda meli akarudi Uingereza. Alimchukua Richard. Beryl aliachwa na baba yake.

Hapo niliposoma nilifunga kitabu. Kwa nini mmoja na si wote wawili? Mimi mwenyewe nimelelewa na kogo tangu darasa la pili, mama alipokwenda kutafuta kazi Nairobi, kwa hivyo sitaki kumhukumu mama wa mtu haraka. Lakini mama yangu alikwenda kunitafutia karo, na kila Desemba huja. Mama wa Beryl alikaa miaka na miaka bila kurudi, na aliporudi Kenya mtoto alikuwa amekuwa mtu mzima, hamhitaji tena.

Kapteni hakuwa mtu wa kukaa akimpakata mtoto. Alikuwa anafyeka msitu, anajenga mashine ya kupasua mbao na kinu cha kusaga nafaka, anauza unga na mbao kwa reli ya Uganda, na juu ya hayo anafunza farasi wa mashindano. Beryl akawa wa kila mtu na si wa mtu. Alikuwa na kibanda chake mwenyewe cha kulala, na mbwa wake aitwaye Buller. Mchana kutwa alikuwa na watoto wa wafanyakazi. Wakampa jina la Lakwet. Wasomaji wetu wasiojua Kikipsigis, hilo maana yake ni mtoto, basi. Si jina la heshima wala la kejeli. Ndivyo kogo anavyoniita mpaka leo nikichelewa kuleta kuni.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, na baba wa Kibii, arap Maina, akawa mwalimu wake wa porini. Alimfundisha kurusha mkuki, kufuata nyayo za mnyama, kukaa kimya pale unapotaka kupiga kelele. Alikwenda pamoja nao kuwinda nguruwe mwitu, miguu mitupu. Katika kitabu chake Beryl aliwaita watu hawa Wanandi, lakini waliochunguza maisha yake baadaye walieleza kwamba walikuwa Wakipsigis. Wageni wa siku hizo walituchanganya sana.

Hapa lazima niseme jambo, wala mtu asikasirike. Msichana wa Kikipsigis wa wakati ule asingeruhusiwa hata kushika mkuki wa kaka yake, sembuse kwenda kuwinda na wanaume. Bibi zetu walikuwa wakikata kuni na kubeba maji wakati Beryl akikimbia msituni. Aliruhusiwa kwa sababu alikuwa binti wa mwenye shamba. Kwa hivyo wanaosema alilelewa kama mtoto wa Kikipsigis wanasema nusu ya kweli. Alilelewa kama mvulana wa Kikipsigis, tena mvulana ambaye baba yake ndiye anayelipa mishahara.

Baadaye Kapteni alimleta mama mmoja wa Kizungu kuangalia nyumba, Bi. Orchardson, pamoja na mwanawe Arthur. Beryl hakumpenda hata kidogo. Jambo la kushangaza ni kwamba mume wa huyo mama, Ian Orchardson, aliishi huku kwetu Kericho kati ya Wakipsigis, akajifunza lugha na mila, na kuandika kitabu juu yao. Waliletwa walimu wa kumfundisha Beryl nyumbani, wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Wakati wa vita alipelekwa shule Nairobi, na hakumaliza hata miaka mitatu kabla ya kufukuzwa. Sisemi hivyo ili mwanafunzi yeyote apate mfano!

Vita hivyo vilifika mpaka Njoro. Arap Maina alikwenda kupigana upande wa Waingereza, hakurudi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa Wazungu, tena ulianzia Ulaya. Kibii akabaki bila baba. Tunaposema familia za wanajeshi tunawaza Kapteni na wale maofisa wa kitani, lakini familia ya Kibii nayo ilikuwa familia ya mwanajeshi, na sijaona popote kwamba ilipewa ekari hata moja.

Oktoba 1919, siku chache kabla ya kutimiza miaka kumi na saba, Beryl aliozwa kwa Jock Purves, naye ofisa wa jeshi, aliyemzidi umri sana. Alikuwa na miaka kumi na sita. Umri wangu huu huu. Muda si mrefu mvua zikakosekana, na Kapteni, ambaye alikuwa amekubali kuuza unga kwa bei iliyopangwa mapema, akafilisika. Shamba likauzwa. Yeye akahamia Peru, Amerika ya Kusini, kufunza farasi. Kwa mara ya pili Beryl akaachwa na mzazi.

Hakukaa akilia. Alichukua yale aliyofundishwa na baba yake akawa mfunzaji wa farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza kupewa leseni hiyo hapa Kenya, akiwa na miaka kama kumi na minane tu. Siku moja kijana mrefu alifika kutafuta kazi. Alikuwa Kibii, ila sasa ametahiriwa na kupewa jina la arap Ruta, kama desturi yetu ilivyo. Wale waliokuwa wakigombania mkuki mmoja, sasa mmoja akamwita mwenzake Memsahibu na kutembea nyuma yake. Beryl mwenyewe aliona jambo hilo na likamsumbua, maana alilieleza katika kitabu. Arap Ruta alimtumikia miaka mingi, kwanza kwa farasi, kisha kwa ndege.

Ndoa ya kwanza ilivunjika. Mwaka wa 1927 aliolewa na Mansfield Markham, tajiri wa Kiingereza, na hilo ndilo jina lililobaki. Mwezi wa Februari 1929 alijifungua mtoto wa kiume London, akaitwa Gervase. Mtoto alizaliwa na afya dhaifu. Na Beryl, yule aliyeachwa Njoro akiwa hajafika hata umri wa kwenda shule, alirudi Kenya na kumwacha mwanawe Uingereza alelewe na nyanya yake. Nimesoma mahali hapo mara tatu nikidhani nimekosea. Mtu aliyejua uchungu huo tangu utotoni aliwezaje? Labda hakujua kabisa mama hufanya nini, maana hakuwahi kumwona mtu akimfanyia. Labda. Gervase alikufa mwaka wa 1971, mama yake akiwa bado hai, na hawakuwahi kukaa pamoja kama mama na mwana.

Habari za ndege ndizo zilizompa sifa duniani, kwa hivyo wengi mnazijua kuliko haya mengine. Alifundishwa na Tom Campbell Black mwaka wa 1931. Baada ya miaka miwili akapata leseni ya kurusha ndege kwa malipo. Alipeleka barua, abiria na dawa, tena alizunguka juu ya nyika akiwatafutia wawindaji matajiri tembo, kazi ambayo leo ingemtia jela. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, bila redio, akielekea Amerika. Upepo ulikuwa unamjia usoni usiku kucha. Baada ya saa zaidi ya ishirini na moja injini ikazima kwa sababu ya barafu iliyoziba tangi la mafuta, akaanguka kwenye tope la kinamasi huko Cape Breton, Kanada. Alitoka na jeraha kwenye paji la uso. Akawa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika bila kutua.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka wa 1942, kikasahauliwa, kikachapwa tena mwaka wa 1983 na kupendwa kila mahali. Wapo wanaodai mume wake wa tatu ndiye aliyekiandika. Mimi sidhani. Mambo ya Njoro yaliyomo humo hayawezi kusimuliwa na mtu ambaye hakunusa moshi wa nyumba zetu.

Uzeeni aliishi karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, akawa maskini hadi kitabu kilipoanza kuuzwa tena. Alifariki tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Nilipomsimulia kogo hadithi hii yote jikoni, nilifikiri atashangazwa na ndege. Hakuuliza habari za ndege. Aliuliza usiku, baridi ya Njoro ikiingia, mtoto huyo alikuwa anafunikwa na nani. Nikamwambia alikuwa na kibanda chake na mbwa. Kogo akatikisa kichwa, akainua kibuyu cha mursik, akanimiminia.