Tom Mboya: Bwana afya wa kanjo aliyefundisha wafanyakazi kuhesabu haki yao

UKITOKA Embu au Meru kwa matatu, kuna uwezekano mkubwa utashukia Tea Room, pale Accra Road. Unachukua begi lako, unawapisha wenye mikokoteni, na baada ya hatua chache unatokea kwenye barabara pana yenye kelele. Ndiyo Tom Mboya hiyo. Umeshapatana na watu hapo mara ngapi? Lakini je, wajua kwamba mwenye jina hilo naye alikuwa kanjo?

Naam, kanjo. Si wale wa kukimbizana na mama mboga, la. Alikuwa bwana afya wa Baraza la Jiji la Nairobi, kijana wa miaka 20 na kitu, akikagua usafi wa jiji. Na kazi hiyo ndogo ndiyo iliyomfanya Mboya tunayemjua.

Nakuletea maisha yake leo kwa sababu ya jambo ambalo huenda unalisikia nyumbani bila kulitilia maanani. Labda mama yako ni muuguzi katika hospitali kuu ya Embu, au baba yako ni karani wa kaunti mjini Meru. Wakikaa na wenzao, mazungumzo hayachelewi kufika palepale: makato ya pensheni, kiinua mgongo, miaka ya utumishi, na kama kaunti imewasilisha pesa au la. Wewe unaona ni stori za wazee. Soma kwanza, halafu utaniambia.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga, ila baba yake alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge la mzungu. Kwa hivyo mtoto alikulia kambini, akicheza na watoto wa kila kabila, na lugha zao akazishika. Alisoma shule za wamishonari hadi akafika Mang'u. Hapo karo ikaleta shida. Baba alikuwa na watoto wengine wa kusomesha na mshahara wa mnyapara haukutosha. Mboya akaacha masomo kabla ya kufika alikotaka.

Unaijua hali hiyo, sivyo? Una akili, una hamu, mkwanja hakuna. Mwaka 1948 akaingia Jeanes School, Kabete, kusomea kazi ya bwana afya kwa sababu huko mafunzo hayakuhitaji karo ambayo hakuwa nayo. Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji, muda mfupi tu baada ya Nairobi kupewa hadhi ya jiji.

Kazini aliona mambo. Mabwana afya Wazungu na Waafrika walifanya kazi ileile, wakakagua maziwa yaleyale na hoteli zilezile. Lakini Mzungu alilipwa mara kadhaa zaidi. Siku moja Mboya akiwa peke yake ofisini, mama mmoja wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Akaangaza macho huku na huku, akauliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Mboya, aliyekuwa amesimama mbele yake, akamuuliza kama macho yake yana hitilafu. Mama yule alitoka akiwa amefura kwa hasira.

Kisa hicho kinachekesha, ila ndani yake mna hoja nzito. Mfanyakazi asiyeonekana hahesabiwi. Na asiyehesabiwa atapewaje malipo ya uzeeni?

Wakoloni walikuwa na hesabu yao. Mwafrika mjini alichukuliwa kuwa mgeni. Alilipwa mshahara wa kapera, wa kumtosha mtu mmoja anayelala kitanda kimoja, ingawa ana mke na watoto. Akizeeka, atarudi reserve, na shamba lake litamlisha. Kwa ufupi, jembe ndilo lilikuwa pensheni yake. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Kamishna wa Leba Carpenter, ilikiri kwamba mishahara hiyo haimwezeshi mtu kulea familia mjini, na kwamba wafanyakazi hawatatulia kazini hadi walipwe kama watu wenye nyumba na uzee mbele yao.

Usifikiri fikra ile imekufa. Hata leo, mstaafu wa kaunti akilalamika utasikia mtu akisema si ana kahawa kule Manyatta, ama miraa kule Igembe? Kana kwamba shamba la mtu linafuta deni la mwajiri wake.

Mboya hakuishia kulalamika kwenye kikao cha chai. Kulikuwa na chama kidogo cha wafanyakazi Waafrika wa jiji. Akajiunga nacho, akachaguliwa kukiongoza, kisha akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa kote nchini. Ona ujanja wake hapo. Chama cha Nairobi pekee kingezimwa na Nairobi pekee. Karani wa mji mwingine alikuwa na shida zilezile kama za karani wa jiji, basi kwa nini wasiwe na sauti moja? Aliandikisha wanachama, akakusanya ada, akaweka kumbukumbu za mikutano, akaandika barua. Mambo ya kuchosha kabisa. Lakini mwajiri haogopi kelele kama anavyoogopa karatasi iliyopangwa vizuri.

Kufikia 1953 ajira yake ya jiji ilikuwa imefika mwisho. Akawa mtu wa chama mchana na usiku, na mwaka huohuo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Alikuwa na miaka 23.

Wakati huo nchi ilikuwa kwenye hali ya hatari. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku, viongozi wake wako ndani. Kisha ikaja Aprili 24, 1954. Wanajeshi waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, wakachuja watu mtaa kwa mtaa. Waliolengwa walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu kwa maelfu walipelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani.

Hapa ndipo hadithi ya Mboya inaingia nyumbani kwenu. Babu wa jirani yako kule Runyenjes au Nkubu pengine alikuwa mfanyakazi Nairobi siku hiyo. Mpishi, karani, mfagiaji, fundi wa reli. Aliamka ana kazi, akalala ana namba ya kizuizini. Wale waliobaki mjini walilazimika kubeba vitabu maalumu vya ruhusa. Mfikirie mtu aliyekuwa ametumikia miaka 10, halafu utumishi wake ukakatwa na waya wa kambi. Nani angeiunganisha ile miaka akirudi?

Mboya hakuwa Mwembu wala Mmeru, na angeweza kunyamaza. Shirikisho lake lilikuwa limepoteza viongozi na wanachama kwenye msako huo. Hata hivyo alipinga hadharani namna wafanyakazi walivyokamatwa kwa jumla, akazipeleka habari hizo hadi kwa vyama vya wafanyakazi ng'ambo. Vyama ndivyo vilivyokuwa karibu sauti pekee halali iliyowabakia Waafrika mjini.

Mwaka uliofuata, Machi 1955, maelfu ya wapagazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya akateremka pwani, akawashawishi warudi kazini huku madai yao yakisikizwa na baraza la usuluhishi, akawatetea mbele ya baraza hilo kwa hesabu za gharama ya maisha. Wakapata nyongeza ya takriban thuluthi moja. Kijana, hapo zingatia. Mgomo uliwaleta waajiri mezani, lakini hesabu ndiyo iliyoleta pesa.

Baada ya hapo alienda kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wabunge wa Baraza la Kutunga Sheria, alishinda kiti cha Nairobi. Miongoni mwa wanane walioingia siku zile alikuwemo Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, aliyeuchukua Mkoa wa Kati. Huko, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliruhusiwa kupiga kura tu kama walikuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali.

Baadaye ndipo kijana aliyekuwa akidai akawa ndiye anayedaiwa. Mwaka 1962 aliteuliwa Waziri wa Leba. Migomo ilikuwa mingi ajabu mwaka ule. Oktoba, akawaketisha waajiri, vyama na serikali, wakatia sahihi mkataba wa mahusiano ya kazi. Uliwapa wafanyakazi haki ya chama na ya majadiliano, lakini pia uliwafunga wasigome kabla ya kupitia ngazi za mazungumzo. Wapo waliosema amewasaliti. Yeye aliona taifa changa haliwezi kujengwa kwa migomo kila wiki. Hoja zote mbili zina uzito, na bado tunabishana nazo kila wauguzi wanapoweka chini zana zao.

Halafu kuna suala la majimbo. Katiba ya 1963 iliigawa Kenya katika majimbo, kila moja na baraza lake. Meru na Embu zikatolewa upande wa Kati zikatiwa Jimbo la Mashariki, na mji wa Embu ukawa makao makuu. Sawa, lakini mwalimu au karani aliyeajiriwa chini ya mpangilio wa zamani, sasa mwajiri wake ni nani? Kwenye mazungumzo ya London mwishoni mwa 1963, moja ya mabadiliko ambayo KANU iliyasukuma ni kuwa na tume moja ya kitaifa ya watumishi wa umma. Mboya, akiwa Waziri wa Sheria na Katiba, akaongoza kazi ya kuyavunja majimbo, na kufikia Desemba 1964 Kenya ilipokuwa jamhuri, yalikuwa yamekwisha. Mtu aliyeanza kwa kupigania wafanyakazi wa serikali za mitaa ndiye aliyezipunguzia nguvu serikali za mashinani. Hiyo nayo ni sehemu ya maisha yake, tusiifiche.

Na malipo ya uzeeni? Mfuko wa Lapfund wa wafanyakazi wa serikali za mitaa ulikuwa umeanzishwa kwa sheria mwaka 1960. Mwaka 1965, Mboya akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Bunge likapitisha sheria ya NSSF, ambayo jina lake unaliona kwenye hati yako ya mshahara ukipata kazi. Si kazi ya mtu mmoja, lakini ndiyo kinyume kabisa cha ile hesabu ya jembe. Mfanyakazi akakubalika kuwa mtu atakayezeeka, na uzee wake ukawekewa akiba tangu mshahara wa kwanza.

Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya alitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, akapigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga. Sanamu yake imesimama kwenye barabara hiyohiyo, na pengine umeshapiga selfi hapo. Kwa umri wa kustaafu wa sasa, miaka 60, angestaafu mwaka 1990. Hakuufikia uzee aliowapigania wengine.

Tangu 2013 tumerudi karibu na majimbo kwa jina lingine. Kaunti za Meru na Embu zilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya zamani, zikapokea wahudumu wa afya kutoka serikali kuu, zikaajiri wengine wapya. Swali la 1963 likafufuka: nani anahesabu miaka yangu? Kote nchini kaunti zimelaumiwa kwa kukata pesa kwenye mishahara bila kuziwasilisha kwa mifuko ya pensheni, na madeni hayo yamefika mabilioni ya shilingi. Pesa hizo si msaada wa gavana. Ni mshahara ambao mtu ameshaufanyia kazi, ila amekubali kuupokea akiwa mzee.

Kwa hivyo wikendi hii ukipanda matatu kwenda nyumbani, muulize mzazi wako mambo matatu. Utumishi wako umehesabiwa kuanzia mwaka gani? Ni lini mara ya mwisho uliona taarifa ya mfuko wako, si hati ya mshahara bali taarifa ya mfuko wenyewe? Barua yako ya kwanza ya ajira iko wapi? Ukikuta iko chini ya godoro, imeanza kuliwa na mende, ipige picha, uihifadhi kwenye simu yako na kwa barua pepe. Kama chama chao kina mkutano, mhimize aende, na arudi na kumbukumbu za kikao.

Bwana afya yule wa kanjo alianza hivyo hivyo, kwa karatasi na kwa kuhesabu.