MAISHA YA KAISARI MAXIMILIAN NA CHAPEO ZAKE

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu, sisi wote tumejifunza kwamba Martin Luther alitoa maneno yake 95 katika mwaka wa 1517. Lakini nani alitawala Wajerumani siku zile? Alikuwa Kaisari Maximilian wa Kwanza. Tunataka kusimulia maisha yake kwa kifupi, zaidi habari ya mavazi ya chuma, sababu moyo wake ulikaa pale.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 3, 1459, ku Wiener Neustadt, inchi ya Austria. Baba yake alikuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Mwaka wa 1477 akaoa Marie wa Bourgogne, binti wa inchi yenye mali mingi. Yule mama akaanguka toka juu ya farasi, akafa 1482.

Toka ujana Maximilian alipenda mchezo wa mikuki juu ya farasi, ambao mtu anavaa chuma toka kichwa mpaka miguu. Mwaka wa 1504 akafungua karakana yake mwenyewe ku Innsbruck. Fundi wake mkubwa alikuwa Konrad Seusenhofer. Siku zile walikuwa wanakunja chuma mistari mistari, kama mabati ya nyumba zetu: bati lenye mikunjo lina nguvu kuliko lililo sawasawa, na tena linapendeza kama nguo ya marinda. Hata leo vazi la namna ile linaitwa kwa jina la Maximilian.

Ajabu kubwa ni chapeo iliyofanywa na Seusenhofer kati ya 1511 na 1514, zawadi ya Kaisari kwa Henry VIII, mfalme wa Uingereza. Mbele yake ni uso wa mtu kabisa: mikunjo kando ya macho, ndevu zilizoanza kuota, hata tone la kamasi ku pua! Ku macho iko miwani, na ku kichwa pembe mbili zilizopinda kama za kondoo dume. Haikuwa ya vita, hapana. Ilikuwa ya kuonyesha siku ya sikukuu. Miaka mingi watu walidhani ni ya Will Somers, mchekeshaji wa Henry. Vazi lake lingine limepotea, lakini chapeo iko ku Leeds, katika nyumba ya makumbusho.

Basi, fahari inadai franga. Kaisari alikopa na kukopa, kwa vita na kwa mapambo. Mwisho wa 1518 akafika Innsbruck mgonjwa, na wenye nyumba za wageni wakakataa kupokea watu wake, sababu madeni ya zamani hayakulipwa. Na ulikuwa mji wa mafundi wake! Akaondoka, akafa ku Wels tarehe 12 mwezi wa 1, 1519, mwenye miaka 59.

Toka 1514 alikuwa anasafiri na sanduku lake la maiti. Akaagiza kwamba akiisha kufa wamnyoe nywele, wamvunje meno, wapige mwili wake, waupake chokaa na majivu, azikwe kama mtu anayetubu. Wakafanya vile, wakamzika Wiener Neustadt chini ya mazabahu. Lile kaburi kubwa alilojitayarishia, lenye sanamu 28 za shaba, liko Innsbruck mpaka leo, na ndani hamna mtu.

Sisi tunaona alichelewa. Luther alikuwa amekwisha kufundisha katika inchi ile ile kwamba kutubu ni kazi ya maisha yote, si ya maiti. Na wandugu wenye kukopa suruali na viatu kwa sikukuu ya shule, wakumbuke milango ya Innsbruck.