Misiani na barabara ya kusini

Daniel Owino Misiani hakuzaliwa Migori wala Homa Bay. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, kwa wazazi walioupinga vikali muziki wake. Kijana akavuka mpaka na gitaa lake, na katika miaka ya sitini akaunda bendi iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz. Vidole vyake vililifanya gitaa la umeme lilie kama nyatiti ya wazee, nayo benga ikapata mfalme.

Aliimba kwa Kijaluo, kwa mafumbo ya wanyama na visa vya kale. Watawala wa Kenya waliyafumbua mafumbo hayo vizuri mno: alikamatwa zaidi ya mara moja, akakumbushwa kwamba yeye ni mgeni. Mgeni gani huyo, ambaye nyimbo zake zilijulikana kila kijiji kando ya ziwa?

Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 17, 2006. Desemba ya mwaka huohuo, jimbo la Mississippi, Marekani, lilisimika kibao cha kwanza cha njia ya urithi wa bluzi pale Holly Ridge, alikozikwa Charley Patton. Leo watalii huifuata Barabara Kuu ya 61 wakisoma vibao vya namna hiyo.

Nasi, enyi walimu, twaweza kuanza na kibao kimoja tu pale Rongo, inapochepuka njia ya Homa Bay na nyingine ikaendelea Migori hadi mpaka alioupita Misiani.