Georges Imbert, mtu aliyetembeza magari kwa kuni

Esansi ikikosa, kamyo zinalala. Georges Imbert alitumikia shida hiyo maisha yake mengi.

Alizaliwa mwaka 1884 kule Niederstinzel, Lorraine, eneo lililokuwa chini ya Ujerumani wakati ule. Leo ni Ufaransa. Alisomea kemia. Mu miaka ya 1920 alitengeneza tanuru la chuma la kufungwa kwenye gari. Kuni ziliungua mule kwa hewa kidogo, zikatoa gesi. Adui alikuwa lami ya moshi, ile inayonata na kukwamisha moteri. Imbert aliishusha gesi ipite mu koo nyembamba yenye moto mkali, na lami nyingi ikaishia humo.

Kisha gesi ilipozwa, ikachujwa, ikachanganywa na hewa karibu nusu kwa nusu. Hapo dereva ndiye alikuwa fundi: gesi ilibadilika kila saa, naye alirekebisha hewa kwa mkono. Akikosea, nguvu inapotea. Tena gesi ile ilibeba sumu, sawa na ya makala mu chumba kilichofungwa, ikivuja, inaua.

Vita ya Pili ilipokata esansi, Ulaya ilikimbilia kuni. Ujerumani peke yake ilifikia karibu magari 500,000 ya gesi. Kilo 3 hivi za kuni zilishika nafasi ya litre moja.

Amani iliporudi, esansi nayo ikarudi, matanuru yakatupwa. Imbert alifariki Sarre-Union mwaka 1950. Lakini hadi leo, mafundi wanaita tanuru la namna ile kwa jina lake.