Margaret Sanger: muuguzi aliyepigania kidonge, na unachoweza kumweleza binti yako

Mama, huenda binti yako ameshavunja ungo na unajiuliza uanzie wapi kuzungumza naye kuhusu kuzuia mimba. Anza na maisha ya muuguzi mmoja. Yatakusaidia kuelewa kidonge cha uzazi wa mpango kilitoka wapi, na kwa nini kwa binti wa umri mdogo si lazima kiwe njia ya kwanza.

Margaret Sanger alizaliwa mwaka 1879 huko Corning, jimbo la New York, Marekani. Mama yake alishika mimba mara 18, na watoto 11 ndio waliozaliwa hai. Aliugua kifua kikuu na kufariki mwaka 1899. Margaret akasomea uuguzi, na miaka ya 1910 akawa anahudumia kina mama maskini katika jiji la New York, wengi wao wahamiaji. Aliwaona wanawake walioumia vibaya kwa kujitoa mimba, kwa kuwa hawakujua namna ya kuizuia. Sheria ya mwaka 1873 ilikataza hata kutuma kwa posta maelezo ya kuzuia mimba.

Tarehe 16 Oktoba 1916, yeye na mdogo wake Ethel Byrne, ambaye naye alikuwa muuguzi, walifungua kliniki Brownsville, Brooklyn. Baada ya siku chache polisi waliifunga, na mwaka 1917 Margaret alifungwa jela siku 30. Alipotoka aliendelea na kazi ile ile.

Alitamani dawa ya kumeza ambayo mwanamke angeitumia mwenyewe bila kumtegemea mwanamume. Miaka ya 1950 alimkutanisha mwanasayansi Gregory Pincus na rafiki yake tajiri, Katharine McCormick, aliyelipia utafiti. Majaribio makubwa yalianza Puerto Rico mwaka 1956. Wanawake wa huko hawakuelezwa vya kutosha kwamba dawa ilikuwa bado inajaribiwa. Dozi ilikuwa kubwa kuliko ya leo, na baadhi yao walisumbuliwa na kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Mwaka 1960 kidonge kiliruhusiwa Marekani kwa kuzuia mimba. Sanger alifariki mwaka 1966.

Lipo pia doa ambalo hatupaswi kulificha. Sanger aliunga mkono fikra kwamba baadhi ya watu, wakiwemo wenye ulemavu wa akili, hawafai kuzaa. Hilo lilikuwa kosa. Uzazi wa mpango ulio sahihi ni ule ambao mtumiaji ameelezwa kila kitu na amechagua mwenyewe. Binti yako naye ana haki hiyo.

Kidonge kinafanyaje kazi?

Kidonge kinachotumika zaidi kina vichocheo vinavyozuia yai lisitoke, na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu za kiume zisipite. Kikimezwa kila siku bila kukosa, chini ya mwanamke 1 kati ya 100 hushika mimba kwa mwaka. Katika maisha ya kawaida, ambapo watu husahau, ni kama 7 kati ya 100.

Sasa mfikirie binti anayeficha pakiti chini ya godoro, au aliyeiacha nyumbani alipokwenda kwa shangazi. Utafiti wa St. Louis, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, uliangalia njia zinazohitaji kukumbukwa mara kwa mara, kama kidonge. Uwezekano wa wasichana chini ya miaka 21 kushika mimba wakizitumia ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa wakubwa wao. Kwa kijiti, kitanzi na sindano, umri haukuleta tofauti hiyo.

Njia nyingine, katika matumizi ya kawaida ya mwaka mmoja

- Kijiti cha mkononi: chini ya 1 kati ya 100 hushika mimba. Hukaa miaka 3 hadi 5.
- Kitanzi: chini ya 1 kati ya 100.
- Sindano ya miezi 3: kama 4 kati ya 100, hasa kwa kuchelewa tarehe ya kurudi.
- Kondomu ya kiume: kama 13 kati ya 100. Hata hivyo, kati ya njia hizi ndiyo pekee inayokinga pia VVU na magonjwa mengine ya zinaa, hivyo itumike pamoja na njia nyingine.

Njia hizi haziharibu kizazi. Baada ya kuacha sindano, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa miezi kadhaa, kisha hurudi. Umri mdogo peke yake si sababu ya kiafya ya kumnyima binti njia yoyote kati ya hizi.

Wewe ufanye nini?

Muulize kwa upole, kisha msikilize bila kumkatiza. Kama kuna mtu anayemlazimisha au kumtisha, mlinde kwanza. Kama amefanya ngono bila kinga, vidonge vya dharura hutumika ndani ya siku 5, na vikiwahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri zaidi. Msindikize kituo cha afya, kisha mwache aongee na mhudumu faragha. Mkirudi nyumbani na kijiti, sindano au pakiti ya vidonge, usimtangaze kwa majirani.