Salvador Sánchez, bingwa aliyetutoka akiwa na miaka 23

Wanaompenda Azumah Nelson wa Ghana huenda wasikumbuke kwamba pambano lililomtambulisha duniani alishindwa. Aliyemshinda alikuwa kijana wa Mexico, Salvador Sánchez. Siku 22 baadaye, kijana huyo alikuwa marehemu.

Sánchez alizaliwa Januari 26, 1959, huko Santiago Tianguistenco, na akaingia ndondi za kulipwa akiwa na miaka 16 tu. Mwaka 1977 alishindwa kwa pointi na Antonio Becerra walipowania taji la Mexico la uzani wa bantam. Hakushindwa tena maishani mwake.

Februari 2, 1980, mjini Phoenix, Marekani, alikutana na Danny Lopez, bingwa wa WBC uzani wa unyoya, mtu aliyeogopwa kwa uzito wa konde lake. Sánchez hakuwa na papara. Alimwacha Lopez amfuate, na kila alipomfuata alikutana na ngumi. Raundi ya 13 refa akasimamisha pambano. Taji hilo Sánchez alilitetea mara tisa.

Kubwa zaidi lilikuwa la Agosti 21, 1981, Las Vegas, dhidi ya Wilfredo Gómez wa Puerto Rico. Gómez hakuwa amewahi kushindwa, na ushindi wake wote 32 ulikuwa wa KO. Sánchez alimwangusha raundi ya kwanza, akammaliza raundi ya nane.

Julai 21, 1982, akapanda ulingo wa Madison Square Garden, New York. Nelson, aliyekuwa na mapambano 13 pekee, aliitwa siku chache kabla kujaza nafasi ya mwingine. Hata hivyo alimsumbua bingwa hadi raundi ya 15, ndipo Sánchez, kwa subira yake ile ile, akamshinda.

Alfajiri ya Agosti 12, gari lake aina ya Porsche liligongana na lori huko Mexico. Alifariki akiwa bado bingwa: mapambano 46, ushindi 44, sare moja, kushindwa mara moja.

Desemba 1984, Nelson alimpiga Gómez na kutwaa taji lile lile la WBC. Kila anayemsifu Nelson leo amkumbuke pia aliyemfunza, kwa raundi 15, ubingwa ni nini.