Imamu Ghazali na Hofu Isiyosikia Hoja

Ijumaa hii tunawaletea habari za Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, mwanachuoni ambaye kitabu chake, Ihyaa Ulumid-Din, kingali kinasomeshwa katika darsa zetu. Tutakaa zaidi kwenye maradhi yake, kwa kuwa yanagusa jambo ambalo watu wa Lalago, huko Maswa mkoani Simiyu, wanalijua vizuri: mtu huelezwa ukweli, akaukubali, na bado akaendelea kuogopa.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Baba yake, inasimuliwa, alikuwa msokotaji wa sufi, naye alifariki wanawe wakiwa wadogo. Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nidham al-Mulk akamkabidhi kiti cha Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Wanafunzi wake walifika 300. Mwanzoni mwa mwaka 488 Hijria (1095) alikamilisha kitabu cha kuwajibu wanafalsafa, na wachache waliweza kusimama naye katika mjadala.

Mwezi wa Rajab mwaka huo huo, ulimi wake ulifungika. Alitaka kusomesha, neno halikutoka. Chakula hakikushuka, na nguvu zikamwishia. Kwa karibu miezi sita alikuwa akivutwa huku na huku: aliiogopa Akhera, kwa kuona kwamba alisomesha kwa kutafuta jina, na aliogopa pia kuuacha utukufu alionao. Asubuhi aliazimia kuondoka, jioni azma ikavunjika. Matabibu walikata tamaa, wakasema ugonjwa umeanzia moyoni na kushuka mwilini. Tuzingatie hapa: mtu huyu hakupungukiwa hoja. Alikuwa nazo kuliko wote waliomzunguka, na moyo wake haukuzisikia.

Hatimaye aliondoka Baghdad, akiwa amegawa mali yake na kubakisha ya kuwatosha watoto. Huko Sham alijifungia katika mnara wa msikiti wa Damascus, akafika Baitul-Maqdis, kisha akahiji. Katika miaka hiyo ya kujitenga aliandika Ihyaa, na katika mlango wa tawakkul akaeleza kwa nini mambo huwa hivyo. Mtu, anasema, anajua kwa yakini kwamba maiti ni kitu kisicho na uhai kama jiwe. Lakini mwambie alale nayo chumba kimoja, atakataa. Yakini ni kitu kimoja na utulivu wa moyo ni kitu kingine, na tawakkul haitimii ila kwa vyote viwili. Nabii Ibrahim (A.S.) mwenyewe alikuwa na imani, na bado aliomba aonyeshwa namna wafu wanavyohuishwa ili moyo wake utulie. Mahali pengine Imamu ametaja mtu aliyeumwa na nyoka, ambaye huishtuka kamba yenye madoa. Akili inaona kamba. Moyo umekwisha kuruka.

Sasa turudi Lalago. Kwa miaka mingi katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na dalili iliyotajwa sana ni macho mekundu. Sababu ya macho hayo inajulikana. Miti ni michache, na bibi aliyepika miaka 40 kwa mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, katika jiko lisilo na dirisha, moshi lazima umwachie alama. Mwelezeni hivyo kijana yeyote. Atakubali, maana hata mama yake hupika hivyo hivyo. Lakini usiku mtoto akishikwa na degedege, macho yale ndiyo yanayomjia kwanza. Hiyo ndiyo kamba yenye madoa, na tofauti ni kwamba kamba haina damu.

Imamu hakuona dawa katika elimu peke yake. Aliiunganisha na amali: mwoga ajizoeze kile anachokiogopa. Katika Ihyaa anamtaja mtu aliyetaka ushujaa, akawa anasafiri baharini wakati wa baridi, mawimbi yakiwa yamechafuka. Kwa hiyo waadhi wetu wa Ijumaa, hata tukiurudia mwaka mzima, hautamtoa hofu anayemwogopa bibi wa jirani. Amwamkie leo. Kesho watoto wampelekee maji, na siku nyingine aketi naye, ale chakula alichokipika. Na wazazi wasiotaka kufanya hivyo wasitushangae tukisema kwamba hofu hiyo wanawarithisha watoto wao.

Imamu Ghazali alirudi kusomesha Nishapur mwaka 499 Hijria (1106), kisha akatulia kwao Tus, akisomesha jirani na nyumba yake. Alifariki Jumatatu ya tarehe 14 Jumada al-Akhira, mwaka 505 (Desemba 1111). Nduguye Ahmad amesimulia kwamba alfajiri hiyo alitawadha, akaswali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, kisha akanyoosha miguu na kuelekea kibla. Kabla ya mapambazuko kukamilika alikuwa amekwisha kuondoka.